Zumaridi haitoki Matemwe

Matemwe hakuna zumaridi, na haitapatikana hata tukichimba mpaka tuchoke. Upande huu wa mashariki wa Unguja umekaa juu ya jiwe la matumbawe, yaani mabaki ya viumbe wadogo wa baharini walioishi na kufa wakijengana vizazi juu ya vizazi, hadi bahari iliposhuka na kuwaacha juu. Wenyeji wanaiita nchi ya namna hii uwanda. Udongo ni wa kukusanya kwa kiganja, miamba ina meno, na mtu akitaka kupanda muhogo anatafuta vishimo vyenye rutuba kidogo katikati ya mawe. Jiwe hilo limejenga Mji Mkongwe, na likichomwa kwenye tanuu linatoa chokaa. Ni jiwe la heshima kabisa. Ila vitu viwili ambavyo zumaridi haiwezi kuzaliwa bila ya kukutana kwavyo, havimo ndani yake.

Naanza na Matemwe kwa sababu ndiko nilikoulizwa swali hili, na aliyeniuliza ni kaka yangu. Sisi ni watu wa Mbulu, huko juu milimani. Kaka anatunza bustani katika hoteli moja ya ufukweni, na likizo iliyopita nilikaa naye majuma matatu katika chumba anachopanga kijijini. Jumapili tulidamka kuwahi daladala ya kwenda mjini kusali Minara Miwili, kama wanavyofanya wafanyakazi wengi wa kutoka bara. Siku nyingine yeye alikwenda kazini, nami nilisoma au kumsaidia bibi mwenye nyumba kuanika mwani wake.

Kabla ya kuja Unguja, kaka alichimba miaka minne katika mashimo ya Mayoka, karibu na Ziwa Manyara, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Wasomaji wengi wakisikia Manyara na vito wanafikiria tanzanaiti ya Mererani. Lakini zumaridi nayo ilijulikana Mayoka tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na inapatikana pia upande wa Sumbawanga, mkoani Rukwa. Kaka alichimba na rafiki yake mmoja, nyundo, tindo na mtaimbo, wakigawana kila kitu nusu kwa nusu, hata chumvi. Siku zao za mwisho wakapata jiwe moja la kijani, urefu wake kama pingili ya kidole kidogo. Hawakuligawa, maana jiwe haligawanyiki. Wakakubaliana kaka alitunze hadi apatikane mnunuzi wa haki. Kabla hajapatikana, rafiki akaugua homa, akafariki, akaacha mke na mtoto wa miezi mitano.

Hiyo ni miaka minane sasa. Jiwe lilikuwa bado kwenye kisanduku cha kiberiti, limefungwa pamba, chini ya nguo za kaka. Kila mwaka mjane aliuliza, na kila mwaka kaka alijibu kwamba wakati wa bei bado. Kumbe alikuwa anaogopa. Kijijini watu walishaanza kumwambia yule mama kwamba mumewe alimwachia chupa, kipande cha chupa ya bia kilichosuguliwa na mchanga, na kwamba wanaume wale wawili walipoteza miaka yao kwa uongo. Kaka aliogopa kwamba wanasema kweli. Aliogopa pia kwamba si kweli, maana likiwa zumaridi ya mamilioni, ataeleza vipi kulikalia miaka minane? Basi usiku mmoja akanifungulia kile kisanduku akasema, “Mdogo wangu, wewe unasoma mambo ya asili ya vitu. Niambie, hiki kitu kinatoka wapi, kinakuwaje?”

Falsafa haifundishi mtu kutambua vito, na nilimwambia hivyo. Lakini swali la kitu kinatoka wapi na kinakuwaje ni la kwetu kabisa, tena ni la zamani. Nilichomweleza jioni zile, tukisikia maji yakijaa, ndicho ninachowaandikia.

Zumaridi ni aina moja ya jiwe linaloitwa berili. Berili imeundwa kwa alumini, silika na oksijeni, vitu vinavyopatikana karibu kila mahali, pamoja na elementi moja adimu, beriliamu. Ikiwa safi haina rangi, ni kama maji. Ikiingiwa na chuma kidogo inaweza kuwa ya buluu, nayo ndiyo akwamarini. Ikiingiwa na kromiamu, au vanadiamu, inapata ule ukijani tunaouita zumaridi. Kiasi cha kromiamu kinachohitajika ni kidogo mno, mara nyingi hakifiki hata sehemu moja katika mia.

Sasa tatizo ni kwamba beriliamu na kromiamu hawakutani. Fikirieni parokia yenye misa mbili za Jumapili. Kromiamu ni muumini wa misa ya kwanza. Uji wa mwamba unapopoa chini ya ardhi, kromiamu huwahi kukaa katika mawe ya mwanzo, yale mazito na meusi yaliyotoka kina kirefu. Beriliamu ni wa misa ya mwisho. Chembe yake ni ndogo mno, haipati kiti katika madini ya kawaida, kwa hiyo inabaki ikizunguka katika uji hadi karibu kila kitu kimeganda. Inaishia katika mabaki ya mwisho ya graniti, maji moto na uji mwepesi unaojipenyeza kwenye nyufa na kuganda polepole, ukiacha mishipa ya mawe yenye fuwele kubwa. Wataalamu huiita pegmatiti. Watu hawa wawili wanaweza kuwa waumini wa kanisa moja maisha yao yote wasijuane.

Wakutanishwe na nini? Na msukosuko. Mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita, mabara yaligongana katika sehemu hii ya Afrika, kutoka Msumbiji kupita Tanzania na Kenya kuelekea kaskazini. Miamba ya kina kirefu ikasukumwa juu, ikakunjwa, ikapikwa upya. Katika ukanda huo huo ndimo ilimozaliwa tanzanaiti. Na mahali pachache, kama Manyara, mshipa wa pegmatiti wenye beriliamu ulijipenyeza hadi ndani ya mwamba mweusi wenye kromiamu. Maji moto yakapita kati yao. Mwamba mweusi ukageuka kuwa ulanga mweusi, tabaka juu ya tabaka kama kurasa, na humo ndani, pale wawili hao wanapogusana, zikaota fuwele za kijani zenye pande sita. Kaka aliponisikia nikitaja ulanga mweusi alipiga goti lake. Wao walikuwa hawajui sababu, ila walijua desturi: ukiona ulanga mweusi umekumbatia jiwe jeupe, weka mtaimbo chini, chukua tindo ndogo. Walikuwa wanafuata mpaka wenyewe.

Si kila zumaridi duniani ilizaliwa hivyo. Zile za Kolombia, za Muzo na Chivor, hazikuhitaji graniti. Maji moto yenye chumvi nyingi yalipita kwenye mawe meusi ya tope la kale, yakakusanya humo kila kilichohitajika. Ni changa pia, miaka milioni 65 kwa zile za Chivor, na pungufu ya hapo kwa Muzo. Za Sandawana nchini Zimbabwe, zilizogunduliwa mwaka 1956, zina zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu. Majirani zetu wa Zambia, katika eneo la Kafubu, wanachimba nyingi sana, na zao zilizaliwa kwa namna ile ile ya Manyara, mwamba mweusi na pegmatiti.

Neno lenyewe lina safari yake. Wagiriki walisema smaragdos, Waarabu zumurrud, nasi wa pwani zumaridi. Warumi walizichimba katika milima ya jangwa la Misri karibu na Bahari ya Shamu. Katika Biblia tunazikuta kwenye kifuko cha kifuani cha Haruni, katika wimbo wa Tobiti juu ya Yerusalemu mpya, na katika Ufunuo, pale upinde wa mvua unaokizunguka kiti cha enzi unapofananishwa na jiwe hili, ingawa watu wa kale waliliita kwa jina hilo karibu kila jiwe zuri la kijani. Mtakatifu Alberto Mkuu, mwalimu wa Mtakatifu Thoma, aliandika kitabu kizima juu ya madini. Humo anasimulia juu ya mfalme wa Hungaria aliyekuwa amevaa pete ya zumaridi alipokuwa na mkewe, na jiwe likapasuka vipande vitatu, kwa sababu iliaminika kwamba linalinda usafi wa moyo. Darasani kwetu hadithi hiyo ilichekesha kuliko ilivyofundisha. Hata hivyo Kanisa lilimfanya Alberto msimamizi wa wanasayansi mwaka 1941, na nadhani ni kwa sababu alipenda kwenda kuangalia mwenyewe.

Ila padre ninayempenda zaidi katika habari hii ni mwingine, na nashangaa hatumtaji. René Just Haüy alizaliwa Ufaransa mwaka 1743, mtoto wa mfumaji maskini. Alisomeshwa kwa hisani ya watawa walioona akili yake, akawa padre na mwalimu. Siku moja alidondosha fuwele ya kalisaiti, yaani jiwe la jamii ile ile ya chokaa ya Matemwe. Likavunjika, naye akaona kwamba vipande vyote, vidogo kwa vikubwa, vimevunjika kwa umbo lile lile. Kutoka hapo akajenga elimu ya fuwele: umbo la nje linatokana na mpangilio wa ndani. Mapinduzi yalipokuja, alikataa kula kiapo ambacho serikali iliwadai mapadre. Mwezi Agosti 1792 alifungwa katika seminari ya Saint-Firmin mjini Paris, iliyokuwa imegeuzwa gereza. Mwanafunzi wake kijana, Geoffroy Saint-Hilaire, akahangaika hadi akatolewa. Majuma machache baadaye, mwanzoni mwa Septemba, mapadre wengi waliobaki mle ndani waliuawa.

Huyu aliyeponea chupuchupu alirudi kwenye mawe yake. Akiwa na zumaridi mkono mmoja na berili ya kawaida mkono mwingine, aliona kwamba pembe zake, ugumu wake na uzito wake vinalingana. Akamwomba mwanakemia Vauquelin azichunguze zote mbili. Mwaka 1798 Vauquelin akathibitisha kwamba ni kitu kimoja, na ndani yake akakuta elementi ambayo hakuna aliyekuwa akiijua, hiyo beriliamu. Mwaka mmoja kabla alikuwa amegundua kromiamu katika jiwe jekundu la Siberia, naye sasa akaikuta kwenye zumaridi, ikitia kijani. (Chumvi za beriliamu zina ladha tamu, na mwanzoni elementi hiyo ilipewa jina linalotokana na neno la Kigiriki la utamu. Msijaribu, ni sumu.)

Mwanafalsafa hapa anaanza kuhema. Aristotle anatufundisha kutenganisha kiini cha kitu na sifa zinazokijia tu, ambazo zingeweza kuwepo au kutokuwepo. Kwa hesabu hiyo, kiini ni berili, na kijani ni sifa ya kujia. Lakini mwambie hivyo mnunuzi! Dunia nzima inalipa kwa ajili ya kile kilichoingia kidogo, tena kwa bahati, na kiini chenyewe bila rangi wengi hawakitamani. Na kuna zaidi. Fuwele iliyoota mahali penye msukosuko wa namna ile haitoki bila makovu. Ni vigumu sana kupata zumaridi isiyo na nyufa au vitu vya kigeni ndani yake. Masonara wa Ufaransa huyaita makovu hayo bustani.

Jumamosi ya juma langu la mwisho tulikwenda mjini na kisanduku chetu. Tulielekezwa kwa sonara mmoja mzee katika vichochoro vya Mji Mkongwe. “Shikamoo mzee.” “Marahaba wanangu, karibuni.” Hakuuliza tumelitoa wapi. Alilifuta jiwe kwa kitambaa, akaliweka chini ya lenzi, akakaa kimya muda mrefu hata nikasikia kaka akimeza mate. Kioo, alitueleza baadaye, mara nyingi kina viputo vya mviringo. Yeye aliona vibapa vyeusi vya ulanga, na nyufa zenye kuzungukana. Kisha akapima jinsi linavyopinda mwanga, na akalipima uzito hewani na majini. Akaweka kila kitu chini.

“Hii zumaridi,” akasema. “Ya kweli. Haikupikwa, haikutiwa mafuta.” Kaka akafunga macho. Mzee akaendelea kwa upole: imejaa nyufa, nusu yake haipitishi mwanga, ukiikata itabaki punje mbili au tatu. Akataja bei. Ilikuwa pungufu ya mshahara wa kaka wa mwezi mmoja. Tulikwenda kwa sonara wa pili, ambaye alitaja chini ya hapo. Tukarudi kwa mzee tukamwuzia, naye akaongeza nauli yetu ya kurudi Matemwe, jambo ambalo hakulazimika.

Njiani kaka hakusema kitu hadi daladala ilipopita mashamba ya karafuu na kuingia nchi ya mawe. Mtakatifu Thoma anafundisha kwamba kila kilichopo, kwa kadiri kilivyopo, ni cha kweli na ni chema. Hakusema ni cha ghali. Nilikuwa na maneno hayo mdomoni, na nikaona ni afadhali yabaki mdomoni. Mtu aliyetoa miaka minne shimoni hahitaji somo la metafizikia kwenye daladala.

Jioni akasema, “Mpigie wewe. Wewe ni karibu padre, atakusikiliza.” Nikamwambia hapana kaka, jiwe lilikuwa la kwenu watatu, mimi nitakaa hapa kando yako. Tulikaa barazani, bibi mwenye nyumba akiwa ndani anasali Isha. Kaka akapiga, akaweka sauti ya nje. Alimweleza yule mama yote kwa mpangilio: sonara wa kwanza, wa pili, nyufa, bei. Akamwomba radhi kwa miaka minane. Upande wa pili kukawa kimya, tukasikia redio ikipiga kwa jirani huko Mbulu.

“Shemeji,” mama akasema, “unasema mzee amesema ni zumaridi?”

“Ndiyo shemeji. Ya kweli kabisa, lakini thamani yake ndiyo hiyo niliyo…”

“Si chupa?”

“Si chupa.”

Akaanza kucheka, kisha sijui kama kilikuwa bado kicheko. Akamwita mtoto kwa sauti kubwa, akamwambia kitu kwa Kiiraqw, haraka haraka, ambacho mimi na kaka tulikielewa: baba yako hakudanganya. Akamrudia na mara ya pili. Halafu akarudi kwenye simu akajisafisha koo.

“Sawa shemeji. Basi nitumie nusu yangu mapema, shule inafunguliwa Jumatatu na viatu vyake vimembana.”

Kaka alituma usiku ule ule, na makato ya kutuma akayalipa upande wake.